Mtu wa Mzazi: Namna ya Kukaa na Mama na Baba Mtoto Anapohudumiwa kwa Dharura Hospitalini

Machela ikishaingia chumba cha dharura, macho yote humwendea mtoto, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini nyuma ya machela hiyo kuna mtu aliyekuja mbio, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, mkononi kashika soksi ya mtoto asiyojua kaitoa wapi. Huyo ndiye mama, au baba, au bibi aliyeachiwa mjukuu. Mara nyingi anachoambiwa ni maneno mawili tu: "Subiri nje."

Mimi ni muuguzi, na nimeyasema maneno hayo mwenyewe kwa miaka, nikiamini nawalinda wazazi. Kilichonigeuza ni usiku mmoja. Tulikuwa watu sita kitandani kwa mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa na degedege lisilokatika. Mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo ilikuwa inalia mfululizo kwa sababu waya mmoja ulichomoka kifuani, na mwenzetu akaizima sauti ili tusikilizane. Degedege likakatika, mtoto akaanza kupumua vizuri, tukaendelea na dripu na vipimo. Nilipotoka kumwita mama zilikuwa zimepita karibu dakika arobaini. Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, halii. Akaniuliza kama anaweza kupewa nguo za mwanawe. Alikuwa amesikia mlio ukikoma ghafla, akajua mtoto amekufa. Muda wote huo aliishi na kifo ambacho hakikuwepo, hatua tano tu kutoka kwa mtoto aliye hai, na kati yetu sita hapakuwa na hata mmoja mwenye kazi ya kufungua mlango.

Ninayoyaandika hapa ni kwa wauguzi, madaktari, matabibu na maofisa ustawi wa jamii, na pia kwa shangazi, rafiki au jirani anayejikuta ukumbini na mzazi. Yote yanasimama juu ya jambo moja: katika kila dharura ya mtoto, awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni mzazi. Nitamwita mtu wa mzazi.

Hatua ya 1: Mteue kabla machela haijafika

Mnapokabidhiana zamu mnagawana kazi: nani atashika njia ya hewa, nani atatafuta mshipa, nani ataandika dawa na saa. Hapo hapo taja na jina la mtu wa mzazi. Mkisubiri mpaka mtoto afike, kila mtu atadhani mwenzake ameshatoka kuzungumza na mama.

Anaweza kuwa muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, mshauri nasaha au kiongozi wa dini wa hospitali aliyefundishwa kazi hii. Masharti ni mawili. Awe anaelewa kinachofanyika kitandani kiasi cha kukieleza kwa maneno ya kawaida, na asiwe na sindano mkononi. Akishaitwa "hebu nishikie hapa", mzazi amebaki peke yake. Mwanafunzi wa siku ya kwanza usimpe kazi hii bila mwenzake mwenye uzoefu. Ni mzigo mkubwa kuliko unavyoonekana kwa nje.

Najua kuna zamu zenye watu wawili tu. Basi mpeni mhudumu wa wodi au mtu wa mapokezi aliyeelekezwa mapema akae na mzazi, naye yule anayeongoza huduma ageuze kichwa kila baada ya dakika chache aseme sentensi moja kwa sauti: "Mama, moyo unapiga, tunamwongezea oksijeni." Inachukua sekunde nne. Nimewaona madaktari wakifanya hivyo mikono yao ikiwa kazini, wala hakuna kilichoharibika.

Hatua ya 2: Dakika ya kwanza

Mfikie mzazi kabla hajakufikia. Simama ubavuni mwake badala ya kumkabili usoni kama mlinzi wa lango, na useme mambo manne: wewe ni nani, kazi yako ni ipi, mtoto yuko wapi, na kwamba hutamwacha bila kumwambia.

"Mama, naitwa fulani, ni muuguzi. Kazi yangu sasa hivi ni kukaa na wewe. Mwanao yuko pale, madaktari wanamsaidia kupumua. Nikitaka kwenda popote nitakuaga kwanza."

Kisha uliza jina la mtoto, na ulitumie. Waambie na wenzako kitandani. Chumba kikianza kumwita mtoto kwa jina lake badala ya "mtoto wa degedege", mabega ya mzazi hushuka kidogo. Nimeliona hilo mara nyingi mno kulichukulia kuwa bahati.

Yapo mambo ambayo mzazi anayajua na sisi hatuyajui, na kitandani yanahitajika haraka. Uzito wa mtoto, kwa sababu dawa za watoto hupimwa kwa kilo. Asipoujua usimsumbue, utepe wa kupimia urefu utatoa makadirio. Kama kuna dawa inayomdhuru. Ana ugonjwa gani wa siku nyingi. Amepewa dawa gani leo, za dukani na za miti shamba pia. Alikula au kunyonya saa ngapi. Ilianzaje. Uliza moja moja, kwa sauti ya chini, na umwambie jibu linakwenda wapi: "Nauliza kilo ili daktari apime dawa sawasawa." Mzazi aliyedhani hana la kufanya anagundua kwamba anashiriki kumwokoa mwanawe, na kweli anashiriki.

Neno la kuliepuka hapa ni "kwa nini". "Kwa nini hukumleta jana?" "Kwa nini ulimpa hiyo?" Maswali hayo hayajawahi kumwongezea mtoto oksijeni. Yanamfanya mzazi afiche kitu ambacho pengine ndicho kingetuonyesha sumu aliyomeza mtoto. Uliza "ilianza lini", "alipewa nini", "baada ya hapo ikawaje". Ukipata majibu, yapeleke kitandani mara moja, kisha rudi.

Hatua ya 3: Aingie au akae nje?

Hapa ndipo wenzangu wengi hubishana nami, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mazoea ya kumtenga mzazi ni ya zamani. Zilikuwepo enzi ambazo wodi za watoto ziliruhusu wazazi kwa saa chache tu kwa wiki, kwa hoja kwamba mtoto akimwona mama analia. Uingereza mwaka 1959, kamati iliyoongozwa na Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila kubanwa na saa. Chumba cha dharura kiliendelea kufungwa. Mwaka 1982 Hospitali ya Foote, mjini Jackson katika jimbo la Michigan, Marekani, ilianza mpango wa kuwaingiza ndugu wakati mgonjwa wao anahuishwa, yaani moyo na pumzi zake zinapojaribiwa kurudishwa, baada ya ndugu wenyewe kudai wawepo. Na mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Ufaransa uliohusu ndugu 570 wa watu wazima ambao mioyo yao ilisimama wakiwa nyumbani. Siku 90 baadaye, ndugu waliokaribishwa rasmi kushuhudia walikuwa na dalili chache za kiwewe kuliko wale ambao hawakukaribishwa kwa mpango huo, na kazi ya waokoaji haikuharibika. Leo miongozo mikubwa ya kuhuisha watoto inasema mzazi apewe nafasi ya kuwepo.

Apewe nafasi; asilazimishwe. Tofauti hiyo ni kubwa. Wapo wazazi wasiotaka kuona, nao wanampenda mtoto kama wengine. Muulize hivi: "Baba, wazazi wengine hupenda kuwa ndani, wengine hupenda kukaa hapa niwaletee habari. Yote ni sawa. Wewe ungependa ipi? Na ukibadili mawazo, niambie tu." Mama anaweza kutaka kuingia na baba asitake. Wagawanye, na kila mmoja awe na mtu.

Kama anaingia, mwandae kabla ya kuvuka mlango. Mweleze atakachokiona, kwa maneno ambayo macho yake yatayatambua:

"Atakuwa amelala bila nguo ili tuweze kumwona vizuri. Mdomoni ana mpira unaompelekea hewa. Mtu anambonyeza kifua kwa nguvu na kwa haraka. Inaonekana kama anamuumiza, lakini ndivyo damu inavyofika kichwani wakati moyo umesimama. Kuna sindano imeingia kwenye mfupa wa mguu, chini ya goti, kwa sababu mishipa haikupatikana."

Usiruke habari ya kifua. Kifua cha mtoto hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kinatakiwa kishuke theluthi moja ya unene wake. Mzazi asiyeambiwa anaona mtu mzima anamponda mwanawe. Sindano ya mfupa nayo ndiyo inayoulizwa zaidi baadaye, kwa hiyo itaje mapema.

Mwonyeshe pa kusimama: upande wa kichwa au miguuni, mahali asipomzuia anayefanya kazi. Mkono wake uwe na pa kugusa. Mara nyingi ni unyayo wa mtoto, kwa sababu miguuni huwa kuna nafasi. Mwambie anaweza kuzungumza naye. Wewe simama bega kwa bega naye, kiti kikiwa nyuma yake, na uwe unamtafsiria chumba kwa sauti ya chini: "Sasa wanasimama kidogo waangalie moyo. Sasa wanaendelea."

Mtoe, kwa upole na kwa maelezo, iwapo anazuia huduma, anatishia watu, au kiongozi wa huduma anasema kazi haiendi. Pakiwa na shaka kwamba mtoto ameumizwa na mtu, fuateni utaratibu wa hospitali wa ulinzi wa mtoto. Mtu wa mzazi hafanyi upelelezi. Anabaki na adabu ile ile, na asikubali kuachwa peke yake na mzazi huyo pamoja na mtoto.

Zipo pia dharura ambazo mzazi ndiye sehemu ya tiba. Mtoto anayekoroma kwa sababu njia ya hewa ya juu imevimba, ukimnyakua kwa mama na kumlaza chali atalia, na akilia njia ile huzidi kubana. Mwache mapajani, amekaa wima kama mwenyewe alivyochagua, na maski ya oksijeni umpe mama aishike karibu na uso wa mwanawe. Mkono wa mama hausukumwi mbali. Wako utasukumwa.

Hatua ya 4: Maneno mafupi, ya kweli, yanayorudiwa

Mtu aliyeshikwa na hofu kuu hupokea sentensi moja, mbili, zinazofuata humpita. Kwa hiyo kila unapompa habari, fuata mkondo huu: tunachokiona, tunachokifanya, tunachokisubiri, nitakuja tena saa ngapi. "Anapumua kwa shida sana. Mashine inamsaidia. Tunasubiri majibu ya damu. Nitakuja tena baada ya dakika kumi." Na dakika kumi zikifika, njoo, hata kama la kusema ni "majibu bado". Ahadi ndogo iliyotimizwa ndiyo itakayomfanya akuamini baadaye kwenye kubwa.

Acha "usijali". Acha "atapona tu", hujui. Acha pia "hali yake ni ya kawaida", maneno ambayo kwetu yana maana moja na kwa mzazi yana nyingine. Maneno ya kazini yavue koti: badala ya kusema mtoto amewekewa tyubu na anaendeshwa na ventileta, sema mpira umepita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa na mashine inasukuma hewa kwa niaba yake. Ukisema amepewa dawa ya usingizi, malizia: "Hatafumbua macho kwa sasa, na hiyo ni kwa sababu ya dawa." Bila maelezo hayo macho yaliyofumba yatampa mzazi jibu lisilo sahihi, kama ule mlio uliokoma.

Atakuuliza, "Atakufa?" Usikimbie swali, wala usilijibu kwa kutazama viatu vyako. "Ni mgonjwa sana, na ninaogopa anaweza kufa. Sasa hivi moyo wake unapiga, na watu wanne wako naye." Ukweli wa aina hiyo unauma, lakini mzazi anaweza kuuegemea. Akitaka kusali, msubiri, au kaa naye kimya. Wewe usimtangulie kwa kusema ni mapenzi ya Mungu. Huyo ni mwanawe na hiyo ni imani yake, maneno hayo ni yake ayaseme akitaka.

Kama hamzungumzi lugha moja, tafuteni mtu mzima wa kutafsiri. Kaka wa mgonjwa mwenye miaka kumi asibebeshwe kumwambia mama kwamba mdogo wake anakufa. Na baada ya habari nzito, muulize mzazi akueleze alivyoelewa: "Nikuombe unieleze ulichokisikia, nijue kama nimesema vizuri." Kosa, likiwepo, linakuwa la msemaji, naye hapati aibu ya kuuliza tena.

Hatua ya 5: Mwili wa mzazi

Haya ni madogo na hayahitaji maelezo marefu. Kiti. Maji. Choo kiko wapi. Viatu au kitu cha kujifunika. Chaji ya simu. Muulize kama yeye mwenyewe ni mgonjwa au ana dawa za kumeza saa hizi, na kama ni mjamzito. Mama anayenyonyesha atajaa maziwa ndani ya saa chache, atapata maumivu na hatasema, kwa kuona ni aibu kulalamika wakati mwanawe yuko hivyo. Mpe faragha na chombo safi akamue. Maziwa hayo mtoto anaweza kuyahitaji.

Mtazame na baba. Mara nyingi ndiye anayetumwa: peleka sampuli, leta karatasi, sajili faili. Anarudi na kukuta mazungumzo ya maana yameshafanyika bila yeye. Wasubirini wote wawili inapowezekana. Baba aliyesimama kimya ukutani mikono kifuani huenda ndiye aliye karibu zaidi kuanguka. Habari za malipo na karatasi azungumze nazo mtu mwingine, mahali pengine, mbali na kitanda.

Hatua ya 6: Kwa ndugu na marafiki mlioko nje

Ninyi ni wengi na mnampenda, na upendo wa watu kumi kwa pamoja unaweza kumlemea mtu. Mmoja achukue simu ya mzazi, awe ndiye anayejibu wote. Mmoja awafuate watoto waliobaki nyumbani au shuleni, awaambie ukweli kwa kipimo chao: "Mdogo wenu anaumwa sana, yuko hospitali, mama yuko naye." Mmoja awe na kalamu, aandike daktari alichosema na saa aliyosema, kwa sababu kesho mzazi hatakumbuka nusu yake.

Msimuulize "ilikuwaje?" Kila anayefika akiuliza hivyo, mzazi anaanguka upya kutoka mwanzo. Msipige picha. Msimletee kisa cha mtoto wa fulani aliyekuwa hivi hivi, awe alipona au hakupona. Kaa naye. Akinyamaza, nyamaza.

Hatua ya 7: Anapojilaumu

Itakuja tu, mara nyingi pale mtoto anapotulia na mzazi anapata nafasi ya kufikiri. "Ningemleta mapema." "Nilimwacha dakika mbili tu." Usikimbilie kumwambia si kosa lake kabla hajamaliza kusema; anaona umemfunga mdomo. Msikilize hadi mwisho, kisha mpe unachokijua kwa hakika, hicho tu.

Mfano ninaoupenda ni degedege la homa, kwa sababu ukweli wake unatuliza wenyewe. Huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Kwa kawaida hukatika ndani ya dakika chache, na lile la kawaida, lisilovuka dakika 15, haliachi ubongo umeharibika. Lakini mzazi aliyeona macho ya mwanawe yakigeuka na midomo ikiwa ya bluu aliamini anamtazama akifa mikononi mwake. Mwambie hivyo: "Wazazi wengi walioona hili wametuambia walijua mtoto anakufa." Utamwona analia kwa mara ya kwanza. Kisha mfundishe la kufanya likirudi: amlaze ubavu mahali salama, asimtie kitu mdomoni, asimbane, atazame saa, na aombe msaada wa dharura likivuka dakika 5.

Ikiwa kweli kulikuwa na uzembe, usidanganye. "Uliona hali imebadilika ukamleta" ni kweli katika karibu kila kisa, na inatosha kwa usiku huo.

Hatua ya 8: Mtoto anapofariki

Kabla ya kusimamisha huduma, mzazi aambiwe. Asione tu mikono ikiondoka kifuani. Kiongozi wa huduma aje karibu, ainame, aseme: "Tumejaribu kwa dakika hizi zote, moyo wake haujarudi. Naona tumefika mahali ambapo hatuwezi kumrudisha. Tutasimama sasa. Ungependa kumshika?"

Kama alikuwa nje, habari itolewe na daktari mwenye dhamana, mtu wa mzazi akiwa pembeni yake. Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha hatua sita za kutoa habari nzito kwa wagonjwa wa saratani, na bado zinafaa hapa: andaa mahali, jua mtu ameelewa nini mpaka sasa, jua anataka kujua kiasi gani, toa habari, pokea hisia zake, kisha zungumzeni la kufuata. Kwenye dharura zinabanwa katika dakika chache. Chumba chenye mlango. Wote wakae. Simu zizimwe. Mikono na nguo zenye damu zibadilishwe kwanza. Sentensi moja ya kumwandaa: "Nina habari mbaya sana." Kisha neno lenyewe.

Neno lenyewe ni "amefariki", au "amekufa". Kiswahili kina adabu nyingi mbele ya mauti: ametutoka, amepumzika, ametangulia, hatunaye tena. Ni maneno mazuri na yana wakati wake. Katika dakika hiyo yanaleta utata. Niliwahi kusikia daktari akisema "amepumzika", na baba akajibu "Alhamdulillahi, basi tumwache alale." Ilibidi aambiwe mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Taja jina la mtoto, useme amefariki, kisha nyamaza. Usijaze ule ukimya. Hesabu pumzi zako kama ni lazima.

Kinachofuata hakina haraka hata kidogo, ijapokuwa wodi nzima inaweza kukusukuma. Mpe mzazi mtoto amshike, amfute uso, amvalishe. Kama sheria inataka uchunguzi wa mwili, huenda mipira na kanula, vile vijimpira vya kwenye mishipa, zisiweze kutolewa. Mweleze kabla hajafunua shuka. Muulize kama angependa alama ya kiganja kwenye karatasi, au kishungi cha nywele. Wengine hukataa, na ni sawa. Usifanye bila ruhusa. Anapoondoka, asiondoke peke yake wala asiendeshe gari. Msindikize hadi mlango wa nje, na ujue anapokewa na nani.

Hatua ya 9: Mtoto anapohamishwa

Wakati mtoto anakwenda chumba cha wagonjwa mahututi au hospitali nyingine, mkabidhi na mzazi. Mtaje kwa jina kwa muuguzi anayepokea, sema ameshaambiwa nini na bado nini. Kama atapanda gari la wagonjwa, mwonyeshe kiti chake. Kama hatapanda, mpe karatasi yenye jina la hospitali, wodi, na mtu wa kumuulizia. Andika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Mikono yake inatetemeka.

Hatua ya 10: Siku na wiki zinazofuata

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia umejengwa juu ya maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. La tatu ndilo tunalolisahau. Mzazi anatoka, na mlango unafungwa nyuma yake.

Mwambie mapema yanayoweza kumtokea, hata kama mtoto amepona kabisa: kukosa usingizi, kushtuka kila mtoto akikohoa, picha ya chumba kile kujirudia, kuogopa kumwacha mtoto peke yake. Katika wiki za mwanzo ni kawaida. Yakivuka mwezi mmoja, au yakimzuia kula, kulala na kufanya kazi, aje aonane na mshauri. Na akipata mawazo ya kujidhuru, aje siku hiyo hiyo. Wazazi ambao watoto wao walipona husahaulika sana hapa. Kila mtu anawaambia washukuru, nao wanaona aibu kusema kwamba bado wanatetemeka.

Mtu wa mzazi naye atazamwe. Baada ya tukio, wenzake wakae naye hata dakika kumi, wamuulize alichokiona, na asipangiwe tukio jingine la aina hiyo zamu hiyo hiyo kama kuna namna.

Kisha piga simu. Mimi hupiga ndani ya wiki moja, na hujitambulisha kwa siku ile: "Ni yule muuguzi niliyekuwa na wewe." Wape wazazi nafasi ya kurudi baada ya wiki kadhaa kuzungumza na daktari, faili likiwa mezani. Huja na maswali ambayo hayamo kwenye faili. Alisikia maumivu? Aliniita? Alikuwa peke yake? Usitunge jibu. Mwambie ulichokiona kwa macho yako: kwamba alikuwa amezimia tangu alipofika, kwamba tulimwita kwa jina lake, na kwamba muda wote ule mkono wako, mama, ulikuwa kwenye unyayo wake.